Saa ya Meli

Mezani kwetu melini tulikuwa wanne: Bibi, mimi, na mume na mke kutoka Oklahoma, Dwight na Glenda, ambao safari hii ilikuwa yao ya kumi na moja. Dwight alisafiri na kengele ya ng'ombe. Jioni ya kwanza, kabla hata supu haijaletwa, aliitoa mfukoni akaiweka kando ya uma wake.

"Kwetu hiyo huvaa ng'ombe," Bibi akasema.

"Hii ni ya wachelewaji, Bi Verna. Kila bandari lazima kuna mtu anazubaa madukani mpaka meli inataka kung'oa nanga. Halafu unamwona huyo, mbio gatini, mifuko mkononi, kofia imeruka. Sisi tuko juu sitahani na vinywaji vyetu, tunamshangilia."

"Mnamcheka."

"Tunamtia moyo," Glenda akasema. "Kwa kumcheka."

Bibi alicheka kidogo puani. Alikuwa anatimiza miaka themanini wiki ile, na kila aliyemuuliza kwa nini amechagua Alaska alimjibu kwamba anataka kuona barafu. Majirani zetu Nebraska walimtania sana, maana barafu tunayo ya bure miezi mitano ya mwaka, mpaka ndoo za ng'ombe zinapasuka. Yeye alishikilia hilo hilo la barafu. Mimi nilikuwa nimekaa naye mezani jikoni siku ile alipozitandaza karatasi za safari, na nilimwona akipitisha kidole kwenye majina ya bandari, meli moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye ile inayosimama Ketchikan. Hapo kidole kikatulia.

Ketchikan ndiko aliko mama yangu.

Aliondoka nikiwa na miaka tisa, kwenda kufanya kazi msimu mmoja katika kiwanda cha samaki. Alisema atarudi Septemba. Nakumbuka mwezi kwa sababu niliuandika kwa kalamu ya rangi ukutani nyuma ya kitanda changu, na Bibi, ambaye hakuwahi kuvumilia alama ukutani, hakuifuta. Septemba kumi na tano zimepita. Kila Desemba huja sanduku la samoni aliyekaushwa kwa moshi. Bibi huliweka rafu ya juu kabisa, na siku ya mwaka mpya tunalifungua na kula bila kumtaja aliyelituma. "Chumvi imezidi," Bibi husema. Hayo ndiyo maneno yote yaliyokuwa yakisemwa nyumbani kwetu juu ya mama, mara moja kwa mwaka.

Namba yake ya simu niliiona kwenye karatasi ya sanduku la mwisho. Ilinichukua siku nne kuandika ujumbe wa mistari mitatu. Nafanya kazi maktaba, upande wa watoto. Naweza kuwasomea watoto thelathini hadithi kwa sauti za dubu na mbweha bila kutetemeka, lakini mistari ile mitatu niliifuta mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Nilimwambia tunapita na meli, tarehe fulani, mimi na Bibi.

Jibu lilikuja baada ya saa moja. "Natoka kazini saa tisa. Saa tisa na nusu nitakuwa gatini. Mnatakiwa kurudi saa ngapi?"

Nikatazama ratiba iliyokuja na tiketi. "Saa kumi na nusu tuwe ndani," nikaandika.

"Basi tuna saa nzima."

Nililala na maneno hayo wiki nyingi. Tuna saa nzima. Sikuweza kujua kama aliyaandika kwa furaha kwamba ni saa nzima, au kwa nafuu kwamba ni saa moja tu.

Kila asubuhi mshereheshaji wa meli alituamkia kwa kipaza sauti, na kila asubuhi alimalizia vilevile: "Wapendwa wasafiri, saa ya meli ndiyo saa. Msiamini simu zenu." Meli yetu ilishika saa za Seattle safari nzima, ingawa Alaska wao wako nyuma kwa saa moja, na wageni kila mwaka hudanganywa na simu zinazojibadilisha zenyewe zikifika nchi kavu. Mimi ni mtu wa kutii matangazo. Simu niliizima tangu Seattle. Mkononi nilivaa saa ya marehemu Babu, ya kutia ufunguo, nikailinganisha na ile kubwa iliyo karibu na lifti.

"Kutoka Nebraska wameturudisha nyuma saa mbili," Bibi alilalamika. "Hapo wanaposema tusibadilishe, mimi sibadilishi tena. Nimezeeka vya kutosha, sitaki kuchezewa masaa."

Juneau tulipanda basi kwenda kuona mto wa barafu. Bibi aliutazama dakika tano akasema ni mkubwa, haya twende tukanywe kahawa. Pale mkahawani nilijikuta natazama kila mwanamke wa makamo: aliyekuwa akifuta meza, aliyekuwa akifunga kamba za viatu vya mtoto. Sikuwa na picha yake ya karibuni. Niliyokuwa nayo ni ya mwanamke wa miaka thelathini na nne aliyekaa juu ya boneti ya gari, amefumba jicho moja kwa jua. Skagway tulipanda treni ya milimani, na wakati wenzetu wanapiga picha magenge, mimi nilikuwa nafanya mazoezi moyoni. Shikamoo Mama. Hapana, kama mgeni. Habari, mimi ni Marnie. Hapana, kama karani. Mpaka treni inarudi bandarini nilikuwa sijapata neno la kwanza.

Usiku ule, nikitafuta soksi kwenye sanduku la Bibi, mkono wangu uligusa kitu kigumu. Ilikuwa chupa ya jamu yake ya cheri mwitu, ile anayopika Agosti na kuifunga kwa nta, imeviringwa kwenye fulana nene ya Babu. Chupa moja. Bibi hali jamu akiwa safarini, wala mimi. Niliirudisha kama nilivyoikuta.

Ketchikan mvua ilikuwa inanyesha, kama inavyonyesha siku zote huko, na hakuna aliyeijali. Asubuhi tulizunguka na wageni wengine. Tuliona nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo mtoni, na samoni wanaopanda maji wakijigonga kwenye mawe. Bibi aliinama kwenye ukingo wa daraja akawatazama samaki wale muda mrefu kuliko alivyoutazama ule mto wa barafu.

"Wanarudi walikozaliwa," nikasema.

"Nimesoma kibao," akasema.

Saa tisa kwa saa ya Babu tulikuwa tumeshafika gatini. Tulikaa kwenye benchi chini ya paa la bati, karibu na lango ambalo wasafiri huonyesha kadi zao. Bibi alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na mkoba umetuna kwa chupa. Mlinzi wa lango alikuwa mwanamke mnene mwenye koti la mvua la manjano, na kibandiko kifuani kinasema Rhoda.

"Mnasubiri mtu au mnasubiri jua?" akatuuliza. "Maana jua halijaahidi."

"Mtu," Bibi akasema.

Saa tisa na nusu ilifika. Nilisimama, nikakaa. Kila koti lililokata kona ya maduka niliona ni lake, kisha likageuka kuwa mtu mwingine. Tisa na dakika arobaini. Nilijiambia kazi za watu zina mambo. Saa kumi kasoro kumi. Bibi alikuwa anatazama mbele, mikono juu ya mkoba, kama anavyokaa akisubiri jina lake liitwe hospitali.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Hapo tulikuwa nchi kavu, mtandao upo, ningeweza kuiwasha. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini niliogopa kuiwasha nikakuta haina kitu. Simu iliyozimwa ina matumaini ndani yake. Ukiiwasha ndipo unapojua. Nikaiacha.

Saa kumi na robo watu walianza kurudi kwa wingi, wamelowa, wamebeba mifuko ya sweta na mikufu. Dwight na Glenda walipita.

"Haya wanawake wa Nebraska, msije mkanifanya nikawapigia kengele," Dwight akasema. Kisha akaona nyuso zetu, akamshika mkewe kiwiko wakaenda.

"Bibi," nikasema.

"Naona saa," akasema. Alinyanyuka polepole, akafungua mkoba, akaitoa ile chupa. Haikuwa kwenye fulana tena. Alikuwa ameifunga kitambaa safi cha jikoni. Akaenda nayo hadi kwa mlinzi.

"Akija mwanamke anaitwa Denise, mpe hii."

"Denise wa kivukoni? Anayefunga kamba kwenye kivuko cha uwanja wa ndege?"

"Sijui anafunga nini. Denise."

"Namjua. Huyo mtu wa saa kwelikweli, hajawahi kuchelewesha kivuko hata dakika." Rhoda akaipokea chupa kwa mikono miwili. "Na asipokuja?"

"Basi kula wewe, na mkate."

Tulipanda ngazi ya meli. Mtu wa saa kwelikweli. Maneno yale yalinichoma kuliko yangekuwa matusi, maana kama hachelewi kokote na kwetu hakuja, basi hakukusudia. Niliingiza kadi yangu kwenye mashine, ikalia kama kawaida, na baharia akaniambia karibu tena nyumbani.

Sikutaka kwenda chumbani. Bibi naye hakutaka. Tulipanda hadi sitaha ya juu, upande wa mji, ambako wanaowacheka wachelewaji walikuwa wameshapanga viti na bilauri zao. Saa kumi na nusu kamili tulisikia chini ngazi ikivutwa na mlango ukifungwa kwa kishindo. Ndipo nikaiwasha simu. Sijui kwa nini wakati ule. Labda kwa sababu hapakuwa tena na la kuogopa.

Ilichukua muda kuamka. Nilikuwa natazama namba za saa juu ya kioo: kumi na dakika thelathini na tatu. Kisha, mbele ya macho yangu, zikaruka. Tisa na dakika thelathini na tatu. Na ujumbe ukaingia, umetumwa saa tisa na dakika tano: "Nimetoka. Nakuja."

Nilisimama pale na simu mkononi, mvua inaingia kwenye kola. Siku saba nilikuwa nimeambiwa kila asubuhi kwamba saa ya meli si saa ya mji. Nililisikia kama onyo kwangu, mgeni, nisije nikapotea. Haikunipitia kichwani kwamba kuna watu wanaoishi kwa saa hiyo nyingine, wanaamka kwayo na kutoka kazini kwayo, na kwamba mama yangu ni mmoja wao. Alikuwa hajachelewa. Mimi ndiye niliyempa saa isiyokuwa yake.

"Bibi," nikasema. "Bibi, kwake sasa hivi ni saa tisa na nusu."

Bibi alinitazama. Alitazama saa ya Babu mkononi mwangu, akatazama simu, kisha akashika ukingo wa meli kwa mikono yote miwili.

Alitokea kwenye kona ya maduka akiwa anatembea. Nataka kuliandika hilo vizuri. Alikuwa anatembea haraka kidogo, kama mtu anayejua ana muda lakini hataki kuupoteza, amevaa koti la kazi la rangi ya machungwa lenye mistari inayong'aa, na mkononi ana mfuko wa karatasi. Kisha akainua uso akaona watu wanafungua kamba za meli.

Akaanza kukimbia.

"Huyooo," mtu akapiga kelele, na sitaha nzima ikainuka. "Mmoja kaachwa! Ana mfuko!"

"Si niliwaambia huwa na mifuko?" Ilikuwa sauti ya Dwight, mahali fulani kushoto kwangu, na kengele ikaanza kulia. "Kimbia, mama, kimbia! Vuta miguu!"

Watu walipiga makofi, wakapuliza miluzi. Mwanamke mmoja nyuma yangu alikuwa anasema maskini, mizigo yake yote iko ndani. Chini kule koti la machungwa lilipita maduka ya vito, likaruka dimbwi, likateleza, likajishika kwenye nguzo ya taa, likaendelea. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na tisa na alikimbia vibaya, mabega juu, mfuko umebanwa kifuani. Kati ya gati na ubavu wa meli maji yalikuwa yameshaonekana, upana wa mkono, kisha upana wa mlango.

Alifika langoni. Rhoda alimzuia kwa kiganja, wakaongea, Rhoda akaonyesha juu. Mama aliinua kichwa akaanza kupekua safu za nyuso, mia kadhaa ya nyuso zinazomshangilia.

Nilipiga simu. Niliona mkono wake ukienda mfukoni.

"Marnie?" Alikuwa anahema. "Nimechelewa dakika nane. Foleni ya sandwichi. Sikudhani dakika nane zitaf—"

"Hukuchelewa. Mimi nimekosea. Meli inatumia saa za Seattle. Sikukwambia. Sikufikiri."

Nilisikia kengele ya Dwight mara mbili, mara moja sikioni kwangu na mara moja ndani ya simu, ikitoka kwake.

"Uko wapi?" akauliza. "Inua mkono. Wote wanainua mikono, siwaoni."

"Nimevaa bluu. Sitaha ya juu, karibu na boti ya kuokolea. Bibi yuko na mimi, ana koti la kijivu."

"Lile la kanisani?"

"Lile."

Ndipo alipotuona. Hakupunga mkono. Aliuweka tu ule mkono wenye mfuko juu ya kichwa chake, kama mtu anayejikinga na mvua, akakaa hivyo.

"Kuna nini humo mfukoni?" nikauliza. Katika maneno yote niliyoyafanyia mazoezi Juneau na Skagway, hilo halikuwamo.

"Sandwichi tatu. Nilidhani mtakuwa na njaa." Kisha akasema, "Umekuwa mrefu, Marnie. Kutoka huku naona umekuwa mrefu."

Bibi alininyooshea kiganja, nikampa simu. Aliishika mbali kidogo na sikio, kama anavyozishika simu zote.

"Denise," akasema. "Kuna jamu kwa huyo mlinzi." Akasikiliza. "Ndiyo, ya mwaka huu." Akasikiliza tena, muda mrefu, midomo imebanwa. Meli ilikuwa imeshageuza pua. "Na samaki wako," Bibi akasema, "punguza chumvi. Nilitaka kukwambia hilo miaka mingi."

Alinirudishia simu. Mama alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, na Rhoda alikuwa amesimama kando yake akimpa kitu kilichofungwa kitambaa. Alikiinua juu ili tukione. Nilimwambia nakiona. Alisema nini sijui. Sauti ilianza kukatika, ikawa vipande, jina langu, neno kama lini, kisha hakuna. Nilibaki nimeishika simu sikioni mpaka koti la machungwa likawa nukta, na nukta ikaingia nyuma ya kisiwa.

Watu wa sitahani walikuwa wamesharudi kwenye viti vyao. Bibi alikuwa bado ameshika ukingo.

Chakula cha jioni Dwight alikuwa na furaha sana. Alimhadithia mhudumu, akahadithia na meza ya jirani. "Huyu wa leo ni bora kuliko wa mwaka juzi," alisema. "Koti la machungwa, mfuko kifuani, na lile dimbwi, mmeliona alivyoliruka? Mwanamke yule anaikimbilia meli kama roho yake iko ndani."

Siku zote saba sikuwa nimesema mengi mezani pale, ila ndiyo, asante, na naomba maji.

"Alikuwa haikimbilii meli," nikasema. "Yule ni mama yangu. Alikuwa ananikimbilia mimi."

Glenda aliweka uma chini. Dwight alinitazama, akamtazama Bibi, na Bibi akatikisa kichwa mara moja kukubali. Kengele ilikuwa kando ya sahani kama siku zote. Dwight aliichukua polepole, akiwa ameshika ulimi wa kengele kwa vidole isilie, akaitia mfukoni.

"Alikimbia vizuri," akasema baadaye, kwa sauti ndogo.

"Alikimbia vibaya," nikasema. "Lakini alikimbia."

Glenda akanisogezea kikapu cha mikate. Bibi alichukua mmoja, akaukata katikati, akamwita mhudumu.

"Kijana, meli hii inapita Ketchikan kila wiki?"

"Kila Jumatano, Bi Verna. Mpaka mwisho wa Septemba."

"Septemba," Bibi akasema, na akaanza kupaka siagi, taratibu, mpaka kwenye kingo.